Chumba cha sinema nyumbani kianze na kiti, runinga ifuate

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme jambo kuhusu vyumba vya kuangalia filamu nyumbani, ambavyo siku hizi vinaonyeshwa sana kwenye kurasa za makazi na kwenye matangazo. Picha zake karibu zote zinafanana: runinga kubwa imepandishwa ukutani hadi inakaribia dari, kochi limebanwa kwenye ukuta wa nyuma, spika mbili ndefu zimesukumwa kwenye kona, na sabufa, yaani spika ya besi, imewekwa pale palipobaki nafasi. Kwa macho inapendeza. Lakini wanaokaa humo hutoa malalamiko yale yale: milipuko inatikisa madirisha, maneno ya wahusika hayasikiki, na rimoti haitoki mkononi maana kila baada ya dakika chache sauti ipandishwe au ishushwe. Kisha wanashauriwa wanunue vyombo vikubwa zaidi.

Mara nyingi vyombo havina kosa lolote. Kilichokosewa ni mpangilio, na kimekosewa tangu siku ya kwanza kwa sababu mahali pa runinga palichaguliwa kabla ya mahali pa kukaa. Kazi hii inaanzia kwenye kiti. Ukishajua kichwa cha mtazamaji kitakuwa wapi, ukubwa wa runinga, kimo chake, pembe za spika na hata urefu wa waya vinapatikana kwa futi kamba na hesabu ndogo.

Nitatumia chumba kimoja cha mfano ili namba zieleweke: urefu mita 5, upana mita 4, dari mita 2.7, na runinga iko kwenye ukuta mfupi.

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Gawanya 343 kwa urefu wa chumba mara mbili, utapata besi ya kwanza ambayo chumba chenyewe hukizana nayo, yaani huiitikia na kuivimbisha. Kwa mita 5 ni kama hezi 34 (mitetemo 34 kwa sekunde), kwa mita 4 ni hezi 43, na kwa dari ya mita 2.7 ni hezi 64. Besi hizo huvimba karibu na kuta na karibu kufa katikati ya chumba. Ndiyo maana aliyeegemea ukuta wa nyuma husikia ngurumo isiyo na umbo, na aliyekaa katikati kabisa ya urefu wa chumba huapa kwamba sabufa imezimwa, ilhali wote wawili wanasikiliza kitu kimoja. Chumba cha mraba ni kibaya zaidi kwa sababu urefu na upana hukizana na besi ile ile, na uvimbe unajumlishana.

Kwa hiyo kiti kisiguse ukuta wa nyuma na kisikae katikati. Mahali pazuri pa kuanzia ni masikio kuwa karibu asilimia 62 ya urefu wa chumba ukipima kutoka ukuta wa runinga. Kwa mita 5 hiyo ni mita 3.1 mbele na mita 1.9 nyuma. Najua si kila nyumba inaruhusu kuacha karibu mita mbili nyuma ya kochi. Basi lisogeze hata sentimita 50 au 60, utasikia tofauti hapo hapo. Kama hata hizo hazipatikani, ukuta ulio nyuma ya kichwa uvikwe kitu kinene na laini, kwa kuwa sauti inayogonga ukuta huo na kurudi sikioni kwa ghafla ndiyo inayovuruga spika za pembeni.

Baada ya kiti ndipo runinga. Upana wa kioo cha umbo la 16 kwa 9 ni asilimia 87 ya ulalo wake, na kimo chake ni asilimia 49. Kipimo cha SMPTE, chama cha wahandisi wa filamu na televisheni, kinachotajwa sana ni kioo kijaze nyuzi 30 za uoni wa mtazamaji; cha THX, kampuni ya viwango vya sinema, ni nyuzi 40. Kwa lugha ya futi kamba, zidisha ulalo kwa 1.6 upate umbali wa nyuzi 30, au kwa 1.2 upate umbali wa nyuzi 40. Inchi 55 ni sentimita 140, kwa hiyo mtu akae kati ya mita 1.7 na 2.2. Inchi 65 ni sentimita 165, akae kati ya mita 2 na 2.6. Inchi 75 ni sentimita 190, kati ya mita 2.3 na 3. Katika chumba chetu macho yako kama mita 3 kutoka kwenye kioo, hivyo inchi 75 inatosha vizuri na inchi 55 ni ndogo kwa filamu, hata kama dukani ilionekana kubwa.

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa bila kujua. Jicho zima hutofautisha nukta mbili zilizoachana kwa kama dakika moja ya nyuzi, yaani sehemu moja ya sitini ya nyuzi. Kwenye inchi 55, nukta za kioo cha HD kamili zinaanza kuungana ukiwa mita 2.2. Aliyekaa mita 4 kutoka kwenye runinga hiyo hawezi kuona kilichoongezwa na 4K, yenye nukta mara nne ya HD kamili, hata apewe mkanda bora kiasi gani. Kusogeza kochi mbele kungemfaa kuliko kubadilisha runinga.

Kimo sasa. Mtu mzima aliyekaa kochini ana macho na masikio kama mita moja kutoka sakafuni, lakini pima kochi lako mwenyewe, kwa kuwa makochi yanayozama hushusha kichwa sana. Katikati ya kioo pawe kwenye kimo cha macho au juu kidogo, sentimita 10 hadi 15. Runinga ya inchi 75 ina kimo cha sentimita 93, kwa hiyo ukingo wake wa chini unaangukia sentimita 55 hadi 70 kutoka sakafuni. Watu hushtuka wakiambiwa hivyo, wanaona iko chini mno. Ipandishe mpaka katikati yake pafike mita 1.8, na kwa umbali wa mita 3 mtazamaji atakuwa anainua macho nyuzi 23 kufikia ukingo wa juu. Kwa taarifa ya habari atavumilia. Kwa filamu ya saa mbili shingo itakakamaa. Zaidi ya hapo, aina nyingi za vioo vya LCD hufifisha rangi nyeusi ukiviangalia kutoka chini, na spika ya katikati inabaki bila mahali pazuri pa kukaa.

Kabla ya kutoboa ukuta, ungeni kurasa za gazeti kwa gundi ya karatasi mpaka zifikie upana na kimo cha kioo, mzibandike ukutani, kisha kila mtu wa nyumbani akae mahali pake aangalie. Ziacheni hapo siku moja au mbili. Matundu ya kwenye zege hayafutiki, karatasi inahamishika.

Kuhusu bangili ya ukutani, yaani chuma kinachoshikilia runinga, sitachukua nafasi kubwa. Nyuma ya runinga kuna matundu manne ya kutundikia yanayofuata kipimo cha VESA. Pima umbali kati yao kwa milimita, kwa mfano 400 kwa 400, na ununue bangili inayolingana, yenye uwezo wa uzito uliozidi wa runinga kwa kiasi kikubwa. Bolti huwa M6 au M8. Bolti ndefu kupita kina cha tundu inaweza kuharibu vilivyo ndani, na fupi mno inaweza kung'oka, kwa hiyo pima kina kwa kijiti kwanza. Kwenye tofali au zege tumia vishikio vya skrubu vya ukubwa unaolingana na biti ya drili. Kwenye ukuta wa jipsamu lazima skrubu ziingie kwenye mbao au chuma kilicho nyuma yake. Jipsamu peke yake haibebi runinga. Pima maji iwekwe kwenye bangili, kisha iwekwe tena juu ya runinga baada ya kutundika.

Dirisha lisitazamane na kioo, wala lisiwe nyuma ya kioo. La kwanza linaleta mng'ao, la pili linabana mboni na kufanya picha ionekane nyeusi. Likiwa ubavuni na pazia zito, ni sawa. Usiku, taa ndogo nyeupe ya kelvini 6500 iliyofichwa nyuma ya runinga na kumulika ukuta hupunguza uchovu wa macho, ilimradi iwe hafifu, si kushindana na picha.

Sasa spika, na nianze na ile inayodharauliwa kuliko zote: ya katikati. Katika filamu ya njia 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, sehemu kubwa ya mazungumzo hutoka kwenye spika hiyo moja. Mtu akikuambia maneno hayasikiki, usianze na menyu. Piga magoti uangalie spika ya katikati iko wapi. Mara nyingi utaikuta imerudishwa ndani kabisa ya rafu ya kabati, kama kitabu. Sauti inagonga mbao za juu, za chini na za pembeni kabla ya kutoka, na maneno yanavimba kama ya mtu anayesemea ndani ya pipa. Ivute mpaka uso wake ulingane na ukingo wa mbele wa rafu, au uzidi kwa sentimita moja au mbili. Ikiwa iko chini ya kimo cha masikio, iinue mbele kwa vipande vya mpira mpaka uso wake utazame masikio, si magoti. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kalamu ya leza iliyolazwa juu ya spika: nukta yake iangukie usoni pa aliyekaa. Meza ya kioo iliyo mbele ya kochi nayo ni adui, kwa sababu hurudisha sauti ya spika ya katikati ikiwa imechelewa kidogo tu, na herufi kama s, f na t zinapoteza makali. Iondoe wakati wa filamu au itandike kitambaa kizito.

Spika za mbele kushoto na kulia ziwe na pembe ya nyuzi 22 hadi 30 kila moja kutoka mstari wa katikati wa mtazamaji. Katika chumba chetu, tukizivuta sentimita 40 kutoka ukuta wa mbele, zitakuwa mita 2.7 mbele ya masikio. Ziwekwe mita 1.3 kushoto na mita 1.3 kulia ya mstari wa katikati. Pembe inakuwa karibu nyuzi 26, umbali wa kila moja hadi sikioni unakuwa mita 3 kamili, na zinabaki sentimita 70 kutoka kuta za pembeni. Futi kamba ivutwe kutoka sehemu ya kuegemeza kichwa hadi kila spika; tofauti isizidi sentimita mbili au tatu. Twita, zile spika ndogo za sauti kali, ziwe kwenye kimo cha masikio. Spika fupi zikikalishwa sakafuni, inua kwa stendi, usiridhike kuziinamisha.

Kuzisukuma kwenye kona kunafanya besi ivimbe na kufunika maneno. Kwa upande mwingine, spika ikiwa mbali kidogo na ukuta wa nyuma yake, wimbi linalorudi kutoka ukutani hufuta besi fulani: gawanya 343 kwa umbali huo mara nne. Sentimita 60 hufuta karibu na hezi 143, mita 1 hufuta karibu na hezi 86. Hakuna umbali usio na dosari, kwa hiyo jaribu kusogeza sentimita 10 kwa 10 ukiwa na sauti ya mwanamume anayezungumza. Sauti yake ikiwa nyembamba, sogeza. Ikiwa nzito kama ana mafua, sogeza tena. Spika zenye tundu nyuma ziachiwe angalau sentimita 20 hadi 30.

Za pembeni zinakosewa kwa njia moja: watu huzitundika kwenye kona za ukuta wa nyuma, juu. Katika mpangilio wa 5.1 mahali pake ni nyuzi 110 hadi 120 kutoka mbele, yaani ubavuni na nyuma kidogo ya masikio. Kwenye kuta za pembeni za chumba chetu, hapo ni kama sentimita 70 nyuma ya mstari wa masikio. Kimo kiwe cha masikio au kizidi kwa sentimita 30 hivi, kichwa cha jirani kisizibe. Mwenye spika saba aweke mbili za ubavuni kwenye nyuzi 90 hadi 110 na mbili za nyuma kwenye nyuzi 135 hadi 150, lakini bila nafasi nyuma ya kochi hizo mbili za mwisho hazina kazi. Spika tano zilizokaa sawasawa hushinda saba zilizobanana. Spika zinazotupa sauti darini zinahitaji dari bapa na gumu. Dari ya mteremko, ya mbao zenye mapengo au ya vigae laini vya kunyonya sauti huzima kabisa athari yake.

Sabufa ndiyo inayohitaji uvumilivu. Besi ya chini haina mwelekeo unaotambulika kirahisi, kwa hiyo uhuru wa kuiweka ni mkubwa, ila matokeo hubadilika sana kutoka hatua moja hadi nyingine kwa sababu ya ule mkizano niliousema. Utaratibu uliothibitika ni huu: iweke sabufa yenyewe pale unapokaa, juu ya kochi au kiti imara, kwenye kimo cha masikio. Piga muziki wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, au milio ya majaribio ya hezi 30 hadi 80. Kisha tambaa kando ya kuta, kichwa kikiwa chini pale ambapo sabufa ingekaa, ukisikiliza. Kuna mahali noti zote zitasikika kwa nguvu sawa, na kuna mahali noti moja itapiga ngurumo na inayofuata itapotea. Weka alama ya utepe kwenye sehemu mbili au tatu zilizo sawa kuliko nyingine, uhamishie sabufa hapo, urudi kochini kuhakikisha. Ni kazi ya chini ya saa moja na hakuna kifaa cha kununua kinachoweza kuichukulia nafasi.

Kwenye kona sabufa hupata nguvu zaidi lakini huamsha mikizano yote ya chumba kwa pamoja. Katikati ya ukuta wa mbele haiamshi ile ya hezi 43 ya upana, na hiyo ni faida kubwa kwa wanaokaa kando ya katikati ya upana. Mwenye sabufa mbili aziweke katikati ya kuta mbili zinazotazamana. Viti vingi zaidi vitapata besi inayofanana. Mbili ndogo kwa mtindo huo hunipendeza kuliko moja kubwa.

Kwenye sabufa yenyewe, kitufe cha kukata masafa kiwekwe mwisho kabisa au kwenye alama ya LFE (njia ya besi pekee), na kazi ya kukata iachiwe risiva, yaani chombo kinachopokea sauti na kuendesha spika. Zikikata zote mbili, kunabaki pengo kati ya sabufa na spika za mbele, na ndipo sauti za kiume zinapokosa kifua. Kwenye risiva, spika zote ziandikwe ndogo, hata zile ndefu, na mpaka uanzie hezi 80. Spika ndogo sana za rafu zinaweza kuhitaji 100 au 120. Kitufe cha fezi, kinacholinganisha mwendo wa sabufa na wa spika nyingine, kijaribiwe kwa mlio wa hezi 80 huku spika za mbele zikipiga pia: chagua 0 au 180 kutegemea upande upi una nguvu zaidi ukiwa kochini.

Waya. Shaba ya milimita za mraba 1.5 ikienda mita 10 ina ukinzani wa ohm 0.23 kwa kwenda na kurudi, ambao ni mdogo kwa spika ya ohm 8. Kwa spika ya ohm 4, au umbali unaozidi mita 15, tumia milimita za mraba 2.5. Jihadhari na waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu. Ni mwepesi ukiushika, ukikwaruza ncha utaona weupe, na ukinzani wake uko juu kuliko wa shaba tupu kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo panda saizi moja au uuache. Usipitishe waya za spika sambamba na waya za umeme katika bomba moja. Ukilazimika kuzivusha, zivukane kama msalaba.

Chanya iende kwenye chanya kila mahali. Spika moja ikigeuzwa hakuna kinachoungua wala kuzimika, ndiyo maana kosa hukaa miaka: besi inakonda na sauti iliyotakiwa kuwa katikati inatawanyika bila mahali. Kama waya zimekwisha kufukiwa na hazina alama, zichomoe kwenye risiva, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha mbili kwa kufumba na kufumbua, na mwenzako aangalie koni ya wufa, yaani ile spika kubwa ya besi ndani ya kasha. Ikitoka nje, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo chanya. Nyuzi za shaba zisiache hata unywele mmoja unaogusa tundu la pili. Amplifaya nyingi zimekufa kwa unywele huo.

Kuunganisha runinga na risiva, tafuta tundu la HDMI lililoandikwa ARC au eARC pande zote mbili. Mengine hayarudishi sauti kutoka kwenye runinga. CEC, inayoviwezesha vyombo kuamriana kupitia HDMI, iwashwe kwenye menyu za vyombo vyote viwili. Kisha angalia menyu ya sauti ya runinga: ikiwa imewekwa PCM (sauti isiyobanwa), kupitia ARC ya kawaida utapata njia mbili tu, na spika za pembeni zitakaa kimya huku fundi akilaumiwa kwa waya. eARC hupitisha sauti isiyobanwa ya njia nyingi. Waya wa mwanga haupitishi, huishia kwenye 5.1 iliyobanwa. Kebo za HDMI za kawaida zikizidi mita 5 huanza kukatakata picha ya 4K, kwa hiyo risiva iwe karibu na runinga, na iachiwe sentimita 10 au zaidi za hewa juu yake kwa kuwa joto ndilo linaloimaliza. Mngurumo wa hezi 50 au 60 ukisikika hata filamu ikiwa imesimamishwa, chomoa waya wa antena. Ukinyamaza, weka kitenganishi kwenye waya huo. Usikate waya wa ethi kamwe. Kelele itaondoka, na kinga ya uhai wako itaondoka nayo.

Kupima hufanywa mwisho, kila kitu kikiwa mahali pake, mapazia yakiwa yamefungwa kama wakati wa filamu, feni na friji vimezimwa. Maikrofoni ya risiva ikae juu ya stendi ya kamera kwenye kimo cha masikio. Usiishike mkononi, wala usiilaze juu ya mgongo wa kochi, maana itasikia kochi badala ya spika. Baada ya risiva kumaliza, kagua ilichoandika. Umbali wa spika tano ulingane na futi kamba; kwetu mita 3 kwa za mbele na 2.7 kwa ya katikati, tofauti ambayo risiva huifidia kwa kuichelewesha ya katikati kwa karibu milisekunde moja. Umbali wa sabufa mara nyingi utaonekana mkubwa kuliko halisi, kwa sababu umeme wa ndani yake huchelewesha sauti. Uache hivyo. Mpaka wa masafa urudishe kwenye 80 kama imeandika 40. Kama risiva haina maikrofoni, tumia mlio wa majaribio na kipima desibeli kwenye mizani ya C, mwendo wa polepole, na kila spika iwe 75 pale kochini. Programu ya simu inatosha kulinganisha spika hizo tano. Kwa sabufa isiaminiwe. Yote yakishakaa sawa, spika ya katikati inaweza kuongezwa desibeli moja au mbili kwa ajili ya wazee, bila kugusa kingine.

Midomo ikichelewa kulinganisha na maneno, tatizo huwa runinga inayochukua muda kusindika picha. Zima kulainisha mwendo na uchague hali ya Sinema, ambayo pia hurudisha rangi karibu na zilizokusudiwa. Kinachobaki kirekebishwe kwa ucheleweshaji wa sauti, milisekunde 10 kwa 10.

Bado kuta. Piga kofi moja ukiwa kochini. Ukisikia mlio wa kutetema kama chuma, kuta tupu zinarushiana sauti. Mtu mmoja akae, mwingine ateleze kioo cha kujitazamia ukutani kwenye kimo cha masikio. Pale aliyekaa anapoona spika ndani ya kioo, ndipo pa kuweka paneli ya pamba ya mawe au ya nyuzi za kioo yenye unene wa sentimita 5 hadi 10, imefunikwa kitambaa. Ikiachwa sentimita chache kutoka ukutani hufanya kazi zaidi. Zulia nene liwekwe kati ya spika na kochi. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani hazizuii sauti kutoka wala hazinyonyi besi, na zinashika moto upesi. Povu la sentimita mbili nalo hunyonya sauti kali tu, chumba kikabaki kizito na cha kuchosha.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, na kwa waandishi wa kurasa za makazi na teknolojia: mnapochapisha picha ya chumba cha namna hii, au kulinganisha runinga kwa inchi na spika kwa wati, andikeni pia umbali wa kiti hadi kwenye kioo, kimo cha katikati ya kioo kutoka sakafuni, na spika ya katikati imewekwa wapi. Ni mistari mitatu tu chini ya picha.

Fundi wa sauti na picha